Gayogayo wa pauni 144: kula samaki na sushi migahawani Uingereza, tupeane uzoefu

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu habari zenu. Uzi huu nimeuahirisha wiki tatu kwa aibu, ila jana nimeona mdau humu anauliza ampeleke wapi mchumba wake akale samaki London, nikaona nikinyamaza naye atatumbukia nilipotumbukia mimi.

Mjomba wangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Mzee ameuza samaki soko la Deep Sea miaka zaidi ya thelathini. Yeye samaki hamsomi kwenye karatasi, anamsoma kwa jicho na kidole. Nikasema mtu kama huyu siwezi kumlisha kuku wa kukaanga wiki nzima. Nikaweka nafasi mgahawa mmoja wa samaki katikati ya jiji, ile ya vitambaa vyeupe mezani, barafu mlangoni na samaki wamepangwa juu yake kama vito kwa sonara.

Mhudumu akaja na trei. Juu yake samaki bapa, macho yote mawili upande mmoja. Kijana akaanza kutueleza kavuliwa wapi na kwa mtindo gani. Mjomba hakungoja tafsiri. Akanyoosha kidole, akafunua shavu, akachungulia matamvua, akabonyeza mgongo, akanusa kidole. Meza ya jirani uma zimesimama hewani. Trei inamtetemeka yule mtoto wa watu. Mjomba akanigeukia: "Mwambie huyu ni gayogayo. Ana siku tatu, nne. Si mbaya. Anauzaje?"

Kwenye orodha imeandikwa 9. Moyoni nikasema pauni tisa, mbona bwerere? Tuletee mzima! Kumbe hiyo tisa ni ya gramu 100, imeandikwa pembeni kwa vijiherufi kama miguu ya sisimizi. Samaki kilo moja na gramu 600. Pauni 144. Na akaja peke yake kwenye sahani, kama bwana harusi aliyekimbiwa na wapambe wake. Chipsi unaagiza kando, mboga kando, hapo 13 zaidi. Maji ya chupa 5. Chini kabisa ya risiti kuna ada ya huduma asilimia 12.5, nayo ni 20 na senti 25. Jumla 182.25. Geuzeni wenyewe kwa shilingi, mimi nilishindwa.

Mjomba akaniuliza bei tukiwa kwenye treni. Nikamwambia arobaini. Akanyamaza mpaka Barking. Tunashuka, ndipo akasema, "Arobaini kwa gayogayo. Wamekuibia, mpwa wangu."

Haya, karibuni. Nani anajua kula samaki nje nchi hii bila kulia?

Ngosha_Leicester

Hahahaa mkuu pole sana, "arobaini" imenimaliza.

Ndiyo maana mimi samaki wangu ni mmoja, sato. Nanunua wa barafu kwa Wabangladeshi, nakaanga mwenyewe, ugali, basi. Hizo habari za samaki mbichi kwenye wali waachieni fisi maji.

Mkenya Mtulivu

Pole bro wa Tanga. Hiyo ya gramu 100 ilinipata Edinburgh, lakini mimi ilikuwa kambakoche. Hapo hata tarakimu hawakuandika, waliandika "bei ya soko". Kuanzia siku hiyo nikiona "bei ya soko" nauliza soko gani, na leo wameamkaje.

Maji ya chupa nayo ulijitakia. Mahali popote penye leseni ya kuuza pombe, ukiomba maji ya bomba ni lazima wakupe, na ni bure. Ni sheria, si hisani yao. Lakini omba "maji ya bomba" waziwazi. Ukisema "maji" peke yake, chupa itafika mezani ikiwa imeshafunguliwa.

BintiPemba

Assalaam alaykum. Mimi niko Leeds na nimeona hakuna aliyegusa jambo la kwanza kabisa kwa sisi wengine: HALALI. Watu wetu wengi wakifika huku wanajiambia samaki hachinjwi, basi samaki wote salama. Ndivyo nilivyodhani na mimi. Nilikula samaki na chipsi Yorkshire hii miezi minne, kila Ijumaa, nasema alhamdulillah nimepata chakula kisicho na maswali. Siku moja nipo kwenye foleni, baba mmoja mbele yangu anasifia duka kwamba hapa ndipo wanapokaanga "kama zamani". Nikauliza zamani walikaangaje? Mafuta ya ng'ombe! Huku kaskazini, hasa Yorkshire, maduka mengi bado yanatumia mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hakuchinjwa kwa bismillahi. Chipsi humo humo, samaki humo humo. Nilisimama pale na sarafu mkononi kama sanamu.

Kwa hiyo maswali yangu siku hizi ni haya, na nauliza bila haya. Mnakaangia mafuta gani? Unga mnaompaka samaki mmeukoroga na bia? (Wengi wanaukoroga na bia, ndiyo inayoupa ule ukavu wa kuvunjika mdomoni.) Kome wamechemshwa na nini? Maana sufuria la kome kwa Waingereza, kama kwa Wafaransa, kwa kawaida ni divai nyeupe, vitunguu na siagi. Ukiomba wakupikie bila divai, penye mpishi wa kweli watakupikia. Wakikwambia mchuzi umeshatengenezwa tangu asubuhi, ujue unapashiwa.

Na sushi msijidanganye. Wali wenyewe mara nyingi ni siki, sukari na chumvi, lakini ile sosi nyeusi nzito wanayompaka samaki mkunga ina mirin, na mirin ni pombe ya mchele. Kuna mahali wanaiweka hata kwenye wali. Uliza.

Kioja kingine: kazini kwangu kuna dada wa Kipakistani, tukatoka chakula cha mchana, nikaagiza kaa. Akanitazama kama nimeagiza panya. Wao ni Hanafi, kaa na chaza kwao hapana, kamba ndio wanabishania. Sisi Mashafii tumelelewa kila cha bahari twende nacho. Tulikaa meza moja, Waislamu wawili, kila mmoja anamwombea mwenzake dua kimoyomoyo.

Mtoto wa Chumbageni

Dada BintiPemba nimecheka mpaka nimekohoa. Lakini umenitisha, mimi mwaka mzima wa kwanza nilikuwa Bradford, Yorkshire hiyo hiyo.

BintiPemba

Allah ni mwingi wa msamaha kaka yangu. Chipsi ulizokula umeshakula.

Mbajuni wa Glasgow

Sisi huku juu tuna bahati na hatuijui. Bahari za Uskoti ndizo zinazotoa kaa, kome, chaza, kamba wa kucha ndefu, na wengi wao wanapakiwa kwenye malori usiku kwenda Ufaransa na Uhispania. Mwingereza mwenyewe anataka watano tu: cod, haddock, samoni, jodari wa kopo na kamba. Mvuvi wa Oban, bandari yetu ya magharibi, anavua kitu anachokula Mhispania, Mwingereza anakula kamba aliyefugwa Vietnam. Ajabu, lakini na sisi jodari mzuri si tunampandisha ndege?

Ushauri wangu: ukija Glasgow au Edinburgh usianze na meza za vitambaa. Pale Oban, kwenye gati, kuna kibanda cha kijani kinauza kaa, kome na chaza, unakula umesimama, upepo unakupiga usoni, shakwe anakuangalia kwa nia mbaya. Mimi mtu wa Kismayu, nilipouma kaa wa pale nilinyamaza. Kwa Glasgow yenyewe nendeni mtaa wa Finnieston, mgahawa wa Crabshakk upo tangu 2009, padogo, weka nafasi mapema.

Halafu samaki na chipsi huku anaitwa "supper", yaani chakula cha usiku, na samaki wenyewe ni haddock, si cod. Glasgow wanamwagia siki. Edinburgh wanamwagia sosi ya kahawia nyepesi, na ukitaka kuanzisha vita sema hadharani ipi bora. (Siki. Njooni tupigane.)

Ngosha_Leicester

Kwani hiyo cod si ndiyo nasikia watu wanaita kodi? Jina limemkaa. Unailipa na hakuna unachokiona kwenye sahani, unga mtupu.

Mpishi wa Zamu

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeingia kwa sababu ya fisi maji. Nina mwaka wa sita nyuma ya kaunta ya sushi, Manchester, nilianza kwa kuosha sufuria. Ngosha, mdogo wangu, kaa nikueleze.

Samaki mbichi anayeuzwa hapa si kwamba katoka baharini akaruka kwenye wali. Samaki wa bahari anaweza kuwa na minyoo, hata yule wa Forodhani, ila pale moto unaimaliza. Hapa, samaki wa kuliwa mbichi lazima agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 zisizopungua, mpaka ndani ya mfupa. Mnyoo hauponi hapo. Samoni wa kufugwa wa Uskoti au Norwei sheria inamsamehe, kwa sababu chakula chake ni vidonge, hamli samaki mwenzake mbichi, kwa hiyo mnyoo hana njia ya kuingia. Kwa taarifa yenu, hata Wajapani wenyewe zamani hawakuwa wakila samoni mbichi. Wanorwei ndio waliowashawishi miaka ya 1980 kwa sababu walikuwa na samoni wamejaa. Leo kila mtu anadhani ni jadi.

Kazi ngumu kwenye sushi ni wali. Samaki kisu kikali kinamtosha. Mchele unaoshwa mpaka maji yatoke safi kabisa, unapikwa, unamwagiwa siki ukiwa wa moto, unakatwa na mwiko wa bapa, haukorogwi, huku mtu mwingine anaupepea. Mwaka wangu wote wa pili nilikuwa mpepeaji. Ukiumbwa, uwe na uvuguvugu wa kiganja. Ndiyo maana sushi ya friji ya dukani wali wake ni kama mchanga: mchele uliopoa sana unakakamaa. Ukitaka kujua mgahawa unajiheshimu, usianze na jodari. Agiza kipande kimoja cha rahisi kabisa, weka mdomoni, sikiliza wali. Ukiwa wa baridi, kula ulichoagiza, lipa, nenda zako.

Ile kijani inayopanda puani, wasabi, asilimia kubwa ya mnayokula si wasabi. Ni mzizi mwingine wa Kizungu, haradali na rangi. Wasabi ya kweli ni mzizi unasagwa mbele yako, ina utamu ndani ya ukali, na bei yake utakumbuka gayogayo.

Mengine madogo: nigiri, lile tonge la wali lenye samaki juu, ruhusa kula kwa mkono, msihangaike na vijiti kama mnashona. Chovya upande wa samaki, usichovye wali, utavunjika na sosi yote utainywa. Tangawizi ya siki ni ya kusafisha kinywa katikati ya samaki mmoja na mwingine, si kachumbari.

BintiPemba

Mpishi, kaka, na ule mwani unaoviringishiwa sushi? Mama yangu analima mwani. Nilipomtumia picha aliniuliza ni ule wake?

Mpishi wa Zamu

Hapana, nori ni mwani wa jamii nyingine, unakaushwa kama karatasi. Wa Paje na Pemba unakwenda viwandani unatolewa ule ute wa kugandishia vitu. Mwambie mama, mwani wake umo kwenye dawa ya meno na aiskrimu.

BintiPemba

Nimemwambia. Kasema basi walipe kama dawa ya meno.

Mkenya Mtulivu

Mpishi amesema kweli kuhusu wali wa friji lakini wengine wetu mfuko hausikilizi. Mimi nikiwa mwanafunzi Reading nilijifunza saa. Matawi mengi ya Itsu, wale wauza sushi ya haraka, hushusha bei kwa nusu, nusu saa kabla ya kufunga. Supamaketi nazo hubandika vibandiko vya njano jioni. Unaingia kama umepotea njia, unatoka na trei mbili.

Ile sushi ya mkanda unaozunguka na sahani mimi nilipenda kwa sababu ya hesabu. Kila sahani ina rangi yake, kila rangi bei yake. Wengi hudhani ni Yo! Sushi walioileta, nao walifungua Soho 1997, lakini Moshi Moshi walikuwa na mkanda pale stesheni ya Liverpool Street tangu 1994. Wenyewe Wajapani walianza Osaka 1958, mwenye mgahawa aliona chupa za bia zikipita kwenye mkanda wa kiwanda, akasema kumbe na samaki anaweza kusafiri hivyo.

Tatizo la mkanda ni moja: mtoto. Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka sita. Mimi nilikula sahani nne. Yeye alishusha kumi na moja, akala tango.

Mtoto wa Chumbageni

Sasa wakuu, hii ada ya huduma. Kuna mtu kaniambia ningeweza kukataa kuilipa. Kweli?

Mkenya Mtulivu

Kweli kabisa. Soma risiti, kwa kawaida imeandikwa ni ya hiari. Waambie waiondoe. Mimi huiondoa.

Mpishi wa Zamu

Unaweza, lakini nakuomba usifanye hivyo kama umehudumiwa vizuri. Zamani tulikuwa tunaiona kwenye risiti tu, wengine wenye migahawa waliila. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kuna sheria: bakshishi na ada ya huduma yote ni ya wafanyakazi, mwajiri hakati hata senti kwa faida yake. Wewe ukiiondoa hujamkomoa tajiri, umemkomoa yule kijana aliyetetemeka na trei.

Mkenya Mtulivu

Tajiri amlipe mshahara kijana wake. Kwa nini mshahara wake uwe kesi yangu na samaki wangu?

Mpishi wa Zamu

Sawa mzee. Ukija kwangu njoo na jina hili hili nikujue.

Mama Jijini

Nyie vijana mnapigana kwa senti, mimi nataka kusema kuhusu chaza. Nipo London tangu watoto wangu wapo chekechea, sasa wanataka kuoa. Mwajiri wangu mmoja alipostaafu alitupeleka mgahawa wa Sweetings, kule City, mtaa wa mabenki, nyumba iko pale tangu 1889. Wanafungua mchana tu, siku za kazi tu, jioni hawakujui. Unakaa kwenye stuli ndefu mbele ya kaunta, mhudumu amesimama ndani ya kaunta kana kwamba amezaliwa humo. Kuna mkubwa wao zaidi, Wiltons, wanajihesabu tangu 1742, lakini huko mimi nimepita nje tu nikaangalia viatu vya wanaoingia.

Niliwekewa chaza sita kwenye barafu, ndimu, siki yenye vitunguu vilivyokatwakatwa kama mchanga. Kwetu Fumba wanawake wanawaokota chaza, wanawachemsha. Mbichi sijawahi. Nikafumba macho. Ni kama umekunywa wimbi, halafu baada ya wimbi unakuja utamu mdogo, unaondoka. Wa pili nilifumbua macho.

Kaeni mkijua wapo wa aina mbili. Chaza wa asili wa hapa, mviringo bapa, ana msimu: wanakula miezi yenye herufi R kwa Kiingereza, Septemba hadi Aprili, kiangazi wanamwacha azae. Yule wa mwamba, mrefu mwenye gamba la mawimbi, asili yake Pasifiki, analiwa mwaka mzima na ni nafuu zaidi. Na tafadhali msihesabu R kwa Kiswahili, mtakula Januari, Februari na Aprili tu.

Ngosha_Leicester

Mama shikamoo. Hiyo ya R nimeitafuta kwenye kalenda kweli.

Mama Jijini

Marahaba mwanangu. Na wewe ukajaribu hiyo sushi kabla hujazeeka.

Mbajuni wa Glasgow

Nimesahau jambo. Kabla hujaingia popote penye samaki mbichi, tazama mlangoni kibandiko cha usafi. England, Wales na Ireland ya Kaskazini ni alama 0 hadi 5. Wales na Ireland ya Kaskazini lazima wakibandike. England si lazima, kwa hiyo mwenye 5 anakibandika usoni na mwenye 2 "kibandiko kimedondoka". Angalieni mtandaoni, zote zipo. Uskoti hatuna namba, ni kupita au kuambiwa urekebishe.

Na mwenye mzio wa kamba au kome aseme kabla ya kuagiza, wana orodha ya vitu 14 wanavyotakiwa kukuambia kwa sheria.

Ngosha_Leicester

Wakuu narudi na taarifa. Jumamosi nimekwenda. Nimekula ya tango, nikala ya parachichi, nikala ya kamba aliyeiva. Ya samoni nimeishika, tukatazamana, nikala. Sisemi kitu. Ila mnaosema tangawizi si kachumbari, mimi nimeila bakuli zima na hakuna aliyenikamata.

Mtoto wa Chumbageni

Ngosha umekuwa mtu wa pwani, hongera.

Na mimi nina taarifa. Mjomba ameshaondoka, lakini lile gayogayo halikunitoka. Jumanne nikaamka saa tisa usiku, nikaenda Billingsgate, soko lile lililohamia karibu na Canary Wharf mwaka 1982. Jumapili na Jumatatu hawauzi, msiende mkarudi na baridi yenu. Ndani kunateleza, kelele, makoti meupe, masanduku ya nguru na changu mpaka nikasikia harufu ya nyumbani. Kona ya pili nikamkuta yeye, macho yake mawili upande mmoja. Pauni 21 kwa kilo.

Nikampigia mjomba kwa video, Tanga kumeshakucha. Nikamwonyesha. Akasema funua shavu. Nikafunua. Akasema bonyeza, nikabonyeza, mwenye meza ananitazama. Nikamwambia mjomba huyu ndiye yule wa arobaini, hapa anauzwa 21 kilo. Kimya kidogo. Nikasikia anamwambia mtu pembeni yake, "Si nilisema walimwibia."

Halafu akaniambia nigeuze simu amwone na yule wa sanduku la pili, yule mkubwa, na nimuulize mwenye meza samaki wake wanafika saa ngapi.